Msiba wa Kuazima

Mama alikuwa na miezi miwili kaburini, na mimi nilikuwa bado nasubiri kulia. Sikusubiri kwa hamu. Nilisubiri kama mtu anavyosubiri barua ambayo anajua haitakuwa na jambo.

Wakati ule nilifanya kazi katika maabara ya mgodi wa dhahabu kule Geita. Tulisaga mawe yaliyotoka chini, tukayachanganya na dawa, tukayachoma kwenye tanuri, kisha tukapima chembe iliyobaki kwenye mizani ndogo yenye kifuniko cha kioo. Debe zima la mawe lilitoa chembe ambayo ukipiga chafya huioni tena. Nilisomea kemia chuo kikuu, Uganda, ng'ambo ya ziwa, na watu wa kwetu Shinyanga walidhani nimerudi na siri fulani. Nilirudi na maswali tu. Simu ya maandishi iliponifikia Geita, mama alikwisha zikwa. Nilifika nyumbani nikakuta wanandugu wananyolewa nywele, nikauliza nywele zinahusiana nini na maiti. Zangu sikunyoa. Dada yangu mkubwa alinitazama, kichwa chake kikiwa kimeng'aa kama kibuyu, akaendelea kuosha sufuria.

Wiki ya Pasaka nilipewa ruhusa, nikaenda kumwona baba. Tulikaa siku mbili tukitazama uwanja. Jumatano jioni nikaenda stesheni kuangalia treni ikipita, kama walivyofanya watu wote wa Shinyanga wasio na shughuli. Mfukoni nilikuwa na barua ya rafiki yangu aliyekuwa karani wa forodha Dar es Salaam. Alikuwa ameandika: "Njoo Pasaka hii. Nina jambo, na jambo lenyewe halina mtu mwingine ila wewe." Nilikuwa nimeamua kutokwenda. Safari ya siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, kwa ajili ya siku tatu za mjini, ni upumbavu. Treni ikasimama. Nikamwona jirani yetu mmoja jukwaani, nikamwomba amwambie baba kwamba nimekwenda Dar es Salaam.

"Kufanya nini?" akauliza.

"Sijui."

"Na mzigo?"

"Sina."

Akacheka akidhani namtania. Nikapanda daraja la tatu na shati nililovaa.

Njiani sikuona kitu cha kusimulia. Tabora tulibadilisha treni asubuhi. Dodoma mtu mmoja aliniuliza kama mimi ni mwalimu, nikakubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno. Ijumaa asubuhi nikashuka Dar es Salaam, jasho likinitoka kabla sijatembea.

Rafiki yangu nilimjua tangu tukichunga ng'ombe. Kwao ni upande wa Mhunze, lakini alilelewa kwa mjomba wake jirani na kwetu ili apate shule, na miaka mingi alikula kwenye chungu cha mama yangu. Sasa alikuwa amenenepa kidogo. Alivaa kanzu na kofia iliyofumwa kwa mkono. Nilijua kwamba alikuwa amesilimu, aliniandikia, lakini sikuwa nimewahi kuiona hiyo kanzu. Alipiga magoti kuokota kitu kilichoanguka mlangoni na nikaona kuwa hata namna ya kuinama alikuwa ameibadilisha.

"Umekuja kweli," alisema. "Mzigo uko wapi?"

"Kila mtu ananiuliza mzigo."

Alinikumbatia kwa muda mrefu, akaniambia pole ya mama. Nikasema nimeshapoa. Lilikuwa jibu la kawaida, na nilikuwa nikilisema kwa uangalifu, kama ninavyosoma namba kwenye mizani.

Alipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati. Siku ile alinizungusha mjini. Tuliona maduka makubwa ya Wazungu, tukaona meli zikiwa zimepanga foleni nje ya bandari, tukanywa kahawa chungu kwa mzee aliyebeba birika lenye makaa chini yake. Rafiki yangu alinionyesha kila kitu kama mtu anayeuza. Nilisema kizuri, kizuri. Nilijaribu kupenda bahari, nikaona ni ziwa lisilo na ng'ambo.

Jambo lenyewe alilisema Jumamosi mchana, tukiwa tumekaa kwenye baraza ya nyumba tunakula mihogo ya kuchoma.

Alitaka kuoa. Msichana ni Mzaramo, wa mtaa wa pili, na wenyewe walikuwa wamependana. Waliokuwa na neno ni bibi na mjomba wa msichana, waliomlea. Walikwisha ona makarani wengi wa bara wanaooa mjini huku wana wake vijijini, basi wakasema: hatutoi mtoto kwa mtu asiye na watu. Lete mama yako, na lete ndugu wa kwenu.

"Mama yako si yupo," nilisema. "Mtumie nauli."

Akamenya muhogo uliokwisha menywa.

"Nilipowaandikia nyumbani kwamba nimesilimu, alituma neno. Alisema niende nikamwambie kwa mdomo wangu. Huu mwaka wa tatu. Ningeanzia wapi? Kwamba nimesilimu, halafu nataka kuoa, halafu panda treni?"

"Sasa ulifanyaje?"

"Barua yako ilipofika, ile ya msiba, nilikuwa kwao. Niliisoma nikalia. Bibi akauliza kuna nini, nikasema mama amefariki." Akanitazama. "Sikudanganya. Kwetu mama yako ni mama yangu. Nilimwita mayu tangu sijaota meno ya pili. Ilitoka hivyo."

"Wao walielewa nini?"

"Walielewa walivyoelewa."

"Na wewe hukuwaelewesha."

"Walinipa pole. Walinipikia. Lile sharti la kumleta mama likafa lenyewe. Wakabakiza moja, kwamba aje ndugu. Kesho tunakwenda na posa. Wakikuuliza, sisi ni ndugu."

"Ni ndugu."

"Mama mmoja."

Nikafikiri. Sikukasirika, na hilo nililiona mimi mwenyewe, kama mtu anayejichoma sindano kujua ganzi imefika wapi.

"Kama mama yangu ni mama yako," nilisema, "basi mama yako ni mama yangu. Kwa hesabu hiyo tuna mama wawili, na mmoja ni mzima."

"Ndiyo maana nakuomba usipige hesabu."

Nikasema sawa. Nilisema kwa sababu sikuona ubaya wa kumwazima mtu kitu ambacho sikuwa nakitumia.

Jumapili baada ya adhuhuri tukaenda. Alinivalisha kanzu yake ya pili, fupi kwangu. Sebuleni palitandikwa mkeka mpya. Mjomba wa msichana alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, fundi cherehani, na futi yake ya kupimia bado ilining'inia shingoni. Bibi alikaa pembeni, mguu mmoja ameunyoosha. Msichana mwenyewe hatukumwona. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani kulikuwa na nyayo mbili na ukimya wa mtu anayesikiliza.

"Shikamoo bibi," nilisema.

"Marahaba. Habari za bara?"

"Habali ni nzuli."

Lugha yangu ilikuwa safi darasani. Mbele ya watu wageni, ulimi unarudi kijijini peke yake. Bibi akageuka kwa mjomba.

"Huyu ni wa kwao kweli. Ra yake ameisahau Tabora kwenye kubadilisha treni."

Pazia likacheka. Bibi akaniambia nisione vibaya, Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani. Huku pwani sote wa kule tunaitwa Wanyamwezi na utani ni mmoja, tangu babu zetu walipokuwa wakishuka na mizigo ya Waarabu. Nikasema najua. Akasema, "Unajua? Basi mbona umekuja na kanzu ya mdogo wako?"

Yalikwenda vizuri. Mjomba aliuliza kama ndugu yangu ana mke kwetu, nikasema hana, na ni kweli. Akauliza kama tuna mashamba. Akauliza kama nywele zangu ndizo mtindo wa wasomi. Kisha akakohoa, akasema kwamba wamesikitika sana kwa msiba wetu, na angependa kusikia kutoka kwa mkubwa wetu jinsi ulivyokuwa.

Kabla sijafungua mdomo, rafiki yangu akaanza. Alisema mama alishikwa na kichomi Jumanne. Alisema Ijumaa aliomba uji, na ulipoletwa alikuwa amekwisha kwenda, bakuli likabaki pembeni mpaka jioni, hakuna aliyethubutu kuliondoa. Yalikuwa maneno ya barua yangu. Niliyaandika Geita, baada ya kuambiwa na dada yangu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwapo. Niliyaandika kama ripoti. Sasa yalikuwa yakitoka kwenye kinywa kingine na machozi yalikuwa yakishuka kwenye mashavu ya yule mtu, machozi ya kweli, nami nilikaa pembeni yake na macho makavu. Mjomba akanitazama. Nadhani aliniona mtoto mbaya.

"Pole, baba, pole," bibi alimwambia rafiki yangu. Kisha akajishika magoti, akainuka. "Mtani wangu amekufa na mimi sikwenda kumfanyia utani. Haiwi hivyo. Nani alimcheka huko? Walimwacha aende hivi hivi?"

Kwa Mzaramo, msiba wa mtani bila mtani ni kama chakula bila chumvi. Mtani ndiye anayekuja kuwatukana wafiwa mpaka wacheke. Ndiye anayevaa nguo za marehemu na kutembea kama marehemu, na wenye msiba hawaruhusiwi kununa.

"Alitembeaje?" bibi akauliza, akijifunga kanga kiunoni. "Nionyeshe nimtembee."

Rafiki yangu akafuta uso. Sidhani kama alifikiri. Ukiulizwa mama yako hutembeaje, mwili unajibu kabla ya akili.

"Mkono wa kushoto anauweka mgongoni, hivi," alisema. "Anainama kidogo. Akifika mlangoni husimama kwanza, ananusa ugoro wake, anapiga chafya, halafu anawagombeza kuku."

Bibi akaweka mkono mgongoni. Akainama. Akatembea toka kona mpaka mlangoni, akasimama, akanusa ugoro wa hewa, akapiga chafya ya uongo ambayo ilikaribia kuwa ya kweli, akawageukia kuku wasiokuwapo. "Nyie! Nimekufa, bado mnaingia ndani?" Mjomba akacheka mpaka miwani ikashuka. Nyuma ya pazia msichana alicheka. Rafiki yangu naye alicheka, machozi bado yakiwa usoni.

Nilimwona mama yake. Mama yangu hakunusa ugoro, wala hakugombeza kuku. Aliyekuwa akitembea kwenye mkeka ule, mkono mgongoni, ni mwanamke wa upande wa Mhunze ambaye Januari alitembea kwa miguu siku nzima kuja kukaa msibani kwetu, akasimama mlangoni, akapiga chafya, kisha akaingia kwa wanawake wenzake. Bibi alirudia safari ya pili. Alikuwa hodari. Alianza kujilaza chini, ajifanye maiti.

"Huyo hajafa," nilisema.

Bibi akabaki amechuchumaa.

"Nani hajafa?" mjomba aliuliza.

"Huyo anayeigizwa. Ni mama yake huyu. Yuko kwao, mzima. Aliyekufa ni mama yangu mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa mtu apige kelele. Bibi aliinuka pole pole kwa kushika ukuta, akafungua kanga kiunoni, akaikunja mara nne.

"Nimemlaza mtu mzima," alisema. Akamtazama rafiki yangu. "Mimi ni mtani. Mimi si mchawi. Umenifanya nini?"

Rafiki yangu alitaka kueleza habari ya mayu, kwamba kwetu mama wa mwenzio ni mama yako. Aliyaeleza vibaya. Na hata angeyaeleza vizuri, yangesikika kama uongo wa pili.

Mjomba alivua futi yake shingoni na kuiviringa kidoleni.

"Posa yako hatuikatai," alisema mwishowe. "Mtoto mwenyewe anakutaka, sisi tunasikia hapo nyuma ya pazia. Lakini imekaa. Mama yako akija akaingia mlango huu kwa miguu yake, tutazungumza. Asipokuja, usipite tena mtaa huu, hata kama ndiyo njia yako."

Nyuma ya pazia nyayo ziliondoka.

Tulipokuwa tukivaa viatu bibi akanigusa bega.

"Kumbe mfiwa ni wewe."

"Ndiyo, bibi."

"Wako alitembeaje?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa bidii, kiatu kimoja mkononi. Niliona mikono yake, nikaona mgongo wake akiwa shambani, nikaona namna alivyokaa. Kutembea sikukuona.

"Sikumbuki," nilisema.

"Basi leo sina kazi," akasema, akarudi ndani.

Tulipofika kwenye bomba la maji la mtaa rafiki yangu akasimama.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Sijui."

"Wewe? Wewe una sababu ya kila kitu. Mbuzi akilia unataka sababu."

Nilitafuta. Siamini uchuro, sikuogopa kwamba mama yake angekufa Mhunze kwa sababu bibi mmoja amejilaza Kariakoo. Siwezi pia kujisifu kwamba nilitetea ukweli, maana saa nzima nilikuwa nimekaa juu ya uongo bila kuumia. Labda ilikuwa wivu. Labda niliona kwamba mwanamke mzima anapewa msiba mzuri kuliko ule tuliompa mama yangu. Haya nayafikiri sasa. Siku ile niliona tu kwamba mdomo wangu umefunguka, kama unavyoona mtu mwingine akifungua mlango.

Jumatatu nilipotoka kwenda stesheni, nilimkuta amekaa barazani na begi.

"Naenda nawe," alisema bila kunitazama.

"Kazini je?"

"Nimeacha barua. Nimeandika mama yangu ni mahututi."

"Basi anapata nafuu," nilisema.

Alijitahidi asicheke. Alicheka. Kisha akabeba begi, akatangulia.

Tulishuka Shinyanga Jumatano, alfajiri. Ningeweza kwenda kwa baba, lakini rafiki yangu alisimama jukwaani kama mzigo uliosahauliwa, kanzu imechakaa kwa safari, na nikaona kwamba nisipokwenda naye atapanda treni ya kurudi. Tulipata lori la mwenye duka mmoja Mhindi lililokuwa likipeleka chumvi na majembe Mhunze. Mvua zilikuwa zimenyesha, mbuga nyeusi imelowa, na mara mbili tulishuka kusukuma. Kanzu yake ilikuwa imegeuka rangi ya udongo hadi magotini. Alisema ni afadhali, mama asiione nyeupe.

Tulimkuta mama yake uani akichambua mboga kwenye ungo. Alituona tangu mbali. Hakuinuka. Rafiki yangu alichuchumaa mbele yake akamwamkia kwa Kisukuma, salamu ndefu, ya ng'ombe, ya mvua, ya majirani, naye aliipokea yote bila kuruka hata moja. Akatazama kofia. Akatazama kanzu.

"Umekuja kuniambia kwa mdomo," alisema.

"Nimekuja, mayu."

Akamwambia. Alianza na kusilimu, akafika kwa msichana, na alipofika kwenye posa sauti ikapotea. Mama yake aliendelea kutoa majani mabaya na kuyatupa.

"Maliza."

"Nilisema umekufa."

Mikono ilisimama juu ya ungo.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Kichomi."

"Nilikaa siku ngapi?"

"Nne."

Akageuka akanitazama mimi kwa mara ya kwanza.

"Hicho kilikuwa cha mwenzangu," alisema.

"Ndiyo, mayu," nilisema.

Akarudi kwenye mboga. Rafiki yangu alibaki amechuchumaa, mikono imelegea. Nikaona ni wajibu wangu kumalizia, nikamweleza yaliyobaki: utani, bibi, mkeka, neno la mjomba. Nilieleza yote kavu, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kueleza majaribio.

"Huyo Mzaramo," aliuliza, "aliniigiza vizuri?"

"Vizuri sana. Mpaka mkono."

"Na chafya?"

"Na chafya. Na kuku."

Mabega yake yakatikisika kidogo. Sikujua kama ni kicheko, na sikumuuliza. Aliposema tena alisema na mwanawe.

"Sivai baibui."

"Hakuna atakayekuambia uvae, mayu."

"Na ugoro wangu nakwenda nao." Akatingisha ungo, akaupuliza. "Palizi bado siku tatu. Nikimaliza tunakwenda. Akishanikaribisha huyo bibi, na nikishakula, nitamwambia alale chini pale pale kwenye mkeka wake, nimwigize na yeye akiwa amekufa. Ndipo tuzungumze habari ya mtoto."

Mwanawe aliinamisha uso kwenye magoti ya mama yake, kofia ikaanguka kwenye mboga. Aliitoa, akaikung'uta, akaiweka kando.

Mimi nikainuka nikaenda mtungini kunywa maji, kwa kuwa lori lingerudi Shinyanga kabla ya jioni na kazini nilikuwa nimeshachelewa.